Nyumba ya Vipande Mangamba: Shajara ya Ujenzi

17 Februari 2024

Leo nimefungua daftari jipya. Yale mengine yote ni ya vipimo vya wateja: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Hili ni la vipimo vya nyumba yangu.

Mimi ni fundi cherehani, nina meza na mashine mbili karibu na soko kuu la Mtwara. Kiwanja changu kiko Mangamba tangu 2017. Miaka saba kimeota nyasi na mikorosho miwili niliyoikuta, na miaka hiyohiyo mimi niko Chikongola nalipa 120,000 kila mwezi kwa vyumba viwili na choo cha kuchangia.

Mjomba, aliyeanza uashi kabla sijazaliwa, alinipigia hesabu ya nyumba ya tofali: mita sita kwa nane, vyumba viwili na sebule. Msingi, ukuta, kenchi, bati, madirisha, plasta, vyote milioni 27 na nusu. Choo na umeme havimo. Karakana moja ya Dar es Salaam inauza nyumba ya ukubwa uleule ikiwa vipande: fremu ya chuma chepesi, paneli za ukuta, kenchi, bati, milango na madirisha. Unapakiliwa kwenye lori, unafika nyumbani unaunganisha kwa skrubu kama kitanda. Milioni 12 na laki nne.

Tofauti ni milioni 15 na ushee. Nimeiandika kwa kalamu nyekundu, nikapigia mstari mara mbili.

20 Februari

Nimekwenda kwa Mjomba. Kwetu mjomba hapewi taarifa, anaombwa shauri, hata kama shauri umeshalikata. Nilibeba sukari kilo mbili na ile karatasi yenye picha. Aliitazama kwa muda mrefu, akauliza:

“Huu ukuta ndani una nini?”

“Povu, Mjomba. Bati nje, bati ndani, katikati povu jeupe. Lile linalokuja kwenye boksi la televisheni.”

“Bati, povu, bati.” Akanirudishia karatasi. “Mwanangu, unajenga friji.”

Kufikia magharibi ukoo mzima umeshapata habari, na nyumba imeshapata jina. Lakini msingi amekubali kuuweka yeye, kwa bei ya ndugu. Na mpwa wangu, ambaye matokeo yake ya kidato cha nne bado hayajamtoa nyumbani, atakuwa saidia fundi.

10 Machi

Nimerudi kutoka Dar. Basi la alfajiri, miguu imevimba, ila nimeona kwa macho yangu. Pale karakanani pana nyumba moja ya mfano, nikaigonga kuta zote kama anayechagua nazi.

Mambo matatu niliyakazania. La kwanza ni chuma. Sisi ni watu wa pwani, chumvi ya Mtwara inakula hata pini za kitambaa zikiachwa dirishani. Chuma cha fremu kimepakwa zinki gramu 275 kwa kila mita ya mraba, kipimo hicho kimepigwa muhuri kwenye chuma chenyewe. Kulikuwa na cha bei nafuu zaidi chenye zinki ndogo. Nilikiacha. La pili ni paneli: unene sentimita tano, bati lake nusu milimita kasoro, zinaingiliana kwa ulimi na mfereji. La tatu ni karatasi ya mwisho ya mkataba, ile ambayo muuzaji aliipindua haraka. Inaorodhesha visivyokuwemo: msingi, usafiri, umeme, maji, choo, kazi ya kuunganisha. Niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama. Mstari wangu mwekundu ukaanza kufifia palepale.

Nimelipa asilimia 60, fedha yangu yote ya kikoba. Hapa ndipo nilipoiona tofauti ambayo hakuna aliyeniambia. Nyumba ya tofali unaijenga unavyopata: mwezi huu tofali mia, mwezi ujao mifuko mitano ya saruji, mwaka kesho lenta. Tofali zikirundikwa kiwanjani ni akiba, hazikopeki na mwenye shida hawezi kukuomba nusu ya tofali. Nyumba ya vipande haikubali kidogokidogo. Inataka donge la fedha kwa siku moja, na asiye nalo bei nafuu haimhusu.

12 Machi hadi 9 Aprili

Sikuandika kitu. Ramadhani kwa fundi cherehani ni msimu wa korosho. Nililala saa nane usiku, daku nikala juu ya mashine. Magauni ya Idd ndiyo yaliyolipa ile asilimia 40 iliyobaki.

Katikati ya hayo nilifuatilia kibali cha ujenzi halmashauri. Mchoro wa kwanza ulirudishwa kwa sababu haukuonyesha fremu inavyoshikwa kwenye zege, na kusema kweli waliourudisha walikuwa na haki. Mchoraji akaongeza bolti, akaongeza na bei.

15 Aprili

Tumesafisha kiwanja. Mkorosho mmoja umekatwa, mwingine tumeubakiza upande wa magharibi utupe kivuli. Mama amepiga simu kutoka Newala kuuliza kama huu uliokatwa ndio uliokuwa unazaa. Ndio uliokuwa unazaa.

22 Aprili

Siku ya jamvi, yaani sakafu ya zege. Chini kifusi kilichoshindiliwa, juu yake karatasi ya nailoni kuzuia unyevu, halafu nondo nyembamba, halafu zege la sentimita kumi. Mchanganyiko moja, mbili, nne: saruji karai moja, mchanga mawili, kokoto manne. Mita sita kwa nane kwa sentimita kumi imekula mifuko 31. Saruji huku kwetu haina shida, kiwanda cha Dangote kiko hapahapa mkoani. Kokoto ndizo zilizonitoa jasho, tipa moja imenigharimu kuliko saruji ya siku nzima.

Vijana sita, zege limemwagwa kuanzia saa moja hadi saa tisa, Mjomba anaburuza ubao wa kusawazisha mwenyewe, hataki mtu mwingine aguse. Lilipolainika lilikuwa kama shuka lililopigwa pasi. Nilimwambia hivyo. Hakujibu, lakini alirudi kulitazama mara mbili kabla ya kupanda bodaboda.

Kuanzia kesho ni kumwagilia asubuhi na jioni na kufunika kwa mifuko mitupu. Mjomba amesema zege halikauki, linaiva, na likikosa maji wiki ya kwanza linaiva vibaya. Bolti hazitatobolewa mpaka zipite siku 28.

4 Mei

Kimbunga Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa imekuwa ikitangaza tangu juzi. Wavuvi wamevuta mitumbwi juu, nami nimefunga kibanda. Upepo na mvua tangu usiku. Kimeingia nchi kavu kaskazini yetu, upande wa Mafia, lakini Lindi nzima inalia maji.

Nimelala Chikongola nikikumbuka Aprili 2019, tulivyoambiwa tuhamie sehemu salama kwa ajili ya kimbunga Kenneth, halafu kikavukia Msumbiji, kikawavunja wenzetu wa ng'ambo ya Ruvuma. Bibi yetu alikuwa na simulizi ya kimbunga cha Lindi cha 1952, jinsi paa lilivyoondoka na watu wakabaki wameketi wakitazama mbingu. Alikuwa akilisimulia kwa kucheka. Usiku huu sikuliona la kuchekesha, maana nyumba yangu ni nyepesi kuliko ile.

Na haipo hata hapa. Imepakiwa Dar jana.

7 Mei

Dereva amepatikana. Maji yameikata barabara eneo la Somanga, malori yamepanga foleni pande zote mbili. Nilimpata dereva huyu kwa hesabu: malori yanayopeleka saruji Dar mengine hurudi Mtwara matupu, na tupu hubeba kwa nusu bei. Tulikubaliana laki tisa na nusu. Sasa anasema siku za kulala njiani zinahesabiwa. Nimemwambia kimbunga sikukiagiza mimi. Amecheka, lakini bei hajasema imebaki ileile.

9 Mei

Hii ndiyo siku ya kuiandika vizuri.

Nyumba ya karakana imekatwa kwa mashine. Kipande cha mita tatu ni mita tatu, hakiongezwi wala hakipunguzwi. Kwa hiyo nilitaka kujua kama jamvi nalo lina uaminifu huo. Mita sita kwa nane ina raha yake: pembe kwa pembe lazima iwe mita kumi kamili, pande zote mbili. Tepu siziamini. Nimeshona miaka 19, najua tepu ya kitambaa ikizeeka inarefuka, na mteja anakonda bila kukonda. Nikachukua kamba ya katani, mpwa wangu akashika kona ya kisima, mimi nikaivuta hadi kona ya mkorosho, nikafunga fundo pale pale. Tukaihamishia kwenye zile kona mbili nyingine.

Fundo halikufika. Lilipungua vidole vinne.

Mpwa wangu akasema, “Shangazi, vuta.” Nikavuta. Vidole vinne.

Tukarudia mara tatu, kisha tukakaa juu ya jamvi lile zuri lililopigwa pasi. Tofauti ya sentimita nane kati ya pembe na pembe maana yake umbo limelala upande, kama gauni lililokatwa kitambaa kikiwa kimeteleza. Tulipolipima kona kwa kona, ile ya mkorosho imesogea sentimita tano. Kwenye tofali sentimita tano zinamezwa na plasta, wala hakuna atakayejua. Hapa fremu itaning'inia nje upande mmoja, na upande wa pili jamvi litatokeza kama sahani ya kukingia mvua, maji yaingie ndani chini ya paneli.

Kosa nimelijua lilipotokea. Mjomba alipima pembe kwa tatu-nne-tano (mita tatu upande mmoja, nne upande wa pili, ncha kwa ncha zitoke tano) kama wanavyopima waashi wote, na tepu yake imekatika kile kikulabu cha mwanzo, kijana mmoja alikuwa akiishikilia kwa kucha. Sentimita mbili zilizoponyoka kwenye ile tano zimekuwa tano kwenye kona. Ila nani atakwenda kumwambia Mjomba?

10 Mei

Sikumwambia. Nilimpigia nikamwomba aje anisaidie kupima, kwamba sina hakika na kamba yangu. Akaja na koti la Ijumaa. Nikampa ncha, mpwa wangu akashika nyingine. Alipofika pembe ya pili akalitazama fundo, akaiangalia ile nafasi, akachuchumaa.

“Kamba yako ililowa,” akasema. “Katani ikilowa inapungua.”

Ni kweli inapungua. Tukaianika juani, tukakaa chini ya mkorosho tukazungumza habari za watu. Baada ya saa nzima akanyanyuka mwenyewe, akapima mwenyewe. Vidole vinne.

Hakusema kitu. Alikwenda kwenye mfuko wake akatoa ile tepu, akaitazama ncha iliyokatika, akaitupa kwenye shimo la takataka. Halafu akauliza friji lenyewe liko wapi. Nikamwambia Somanga. “Basi tuna siku tatu,” akasema.

12 Mei

Upande unaotokeza tumechonga kwa tindo hadi kwenye mstari. Upande uliopungua huwezi kubandika ukanda wa sentimita tano, utapasuka. Tumechimba pembeni, tukatoboa zege la zamani na kuchomeka vipande vya nondo, tukamwaga ukanda wenye upana wa shubiri nzima wenye mteremko kwa nje. Mifuko minne, kokoto za debe, fundi wa drili, jumla 310,000. Fedha ya fundi Mjomba amekataa kupokea. Kamba ile ameondoka nayo.

13 Mei

Lori limefika saa tano usiku. Dereva ameongeza 60,000, tumeishia 30,000 na wali wa samaki. Hiyo nimeiandika kwenye usafiri.

14 Mei

Kuhesabu vipande kumetuchukua siku nzima. Kila kipande kina namba, zile zile alama anazopiga fundi kwenye kitambaa ili mkono wa kulia usiende kushoto. Kimepungua kisanduku kimoja cha skrubu, dirisha la chumba kidogo limekuja la ukubwa mwingine, paneli mbili zimebonyea. Nimepiga picha zote lori likiwa bado lipo na dereva amesaini. Karakana imekubali dirisha, imekana skrubu. Nimenunua hapa mjini.

21 Mei

Siku 28 zimetimia na moja juu. Mimi, mpwa wangu, na fundi mmoja wa chuma wa kulipwa. Kwanza reli ya chini, imekazwa kwenye zege kwa bolti kila baada ya mita moja, na kila kona mbili. Chini ya reli tumelaza ukanda wa mpira. Reli imekaa kwenye ukingo kama bitana.

24 Mei

Fremu ya kuta zote nne imesimama. Siku tatu! Majirani waliokuwa wakipita na kusalimia sasa wanasimama kabisa. Mzee mmoja ameuliza ni duka la nini.

25 Mei

Ukuta wa chumba kikubwa tumeuweka nyuma mbele. Dirisha linatazama jikoni. Michoro ina maelezo ya Kichina na Kiingereza, mpwa wangu alisoma Kiingereza na mimi nilitazama picha, na wote wawili tulikuwa na uhakika. Tumefumua skrubu 48, tukageuza, tukarudishia. Nusu siku. Kwa hili nyumba ya vipande nimeipenda: inafumuka. Ukuta wa tofali ungetaka nyundo na machozi.

3 Juni

Paneli zimeanza, na kusi nayo imeanza. Nilijua upepo wa Juni, siku zote naufungia milango, lakini sijawahi kuushikia bati la mita tatu. Paneli moja si mzigo wa kutisha. Ikisimama kwenye upepo inakuwa tanga. Saa sita mchana ilimponyoka fundi, ikapaa juu ya vichwa vyetu, ikatua kwenye banda la kuku la jirani. Kuku wazima, paneli imekunjika kona. Jirani ametuita tuje kuchukua ndege yetu.

Tumebadili ratiba: alfajiri hadi saa nne, basi. Mchana tunafanya kazi za ndani.

8 Juni

Neno kuhusu kukata. Fundi wa chuma anapenda grenda, mkono wake hautulii bila cheche. Nimeikataza. Grenda inaunguza zinki na rangi pale inapopita, na zile chembe za moto zikitua kwenye bati jeupe zinaota kutu baada ya wiki. Tunakata kwa mkasi wa bati na msumeno wa meno madogo, kisha kila ukingo uliokatwa unapakwa rangi ya zinki kwa brashi. Amenuna siku moja. Mkasi wa bati nimeukamata mwenyewe, mkono haukuhitaji kufundishwa.

17 Juni

Idd el-Hajj. Hakuna kazi. Mama amekuja kutoka Newala, akapelekwa Mangamba aone. Ameugonga ukuta kwa kidole kilichokunjwa, akasikiliza, akagonga tena. “Hodi,” akasema.

26 Juni

Paa. Mjomba amejialika. Hana habari na paneli, lakini kenchi na bati anazijua, na simulizi ya 1952 anayo kutoka kwa mama yake mwenyewe. Seti ilikuja na skrubu moja kwa kila mgongo wa pili wa bati. Yeye amesema ukingoni na konani iwe kila mgongo, maana upepo haung'oi paa katikati, unaanza kwa kunyonya pembeni kama mtoto anayefungua andazi. Ameongeza pia mikanda ya chuma kutoka kenchi hadi kwenye fremu, na fremu iko kwenye bolti, na bolti ziko kwenye zege. Nyumba nyepesi haiogopi kuanguka, inaogopa kuinuliwa.

Skrubu za nyongeza na zile zilizopungua: 180,000.

15 Julai

Umeme. TANESCO 320,960 kuunganishiwa, nguzo iko karibu, hilo nashukuru. Mengine ni fundi na vifaa, milioni moja na laki moja na nusu.

Nyumba ya chuma ina masharti yake. Fremu yote imeungwa na waya wa ardhi hadi kwenye fimbo iliyozikwa karibu na kisima, na pana swichi inayokata yenyewe umeme ukivuja, kwa sababu waya mmoja ukichubuka hapa ukuta mzima ni waya. Jingine fundi umeme alilijua, nami nikafurahi kwamba sikumlipa wa bei ya chini: waya haugusi povu. Plastiki ya waya ikilala kwenye povu hilo miaka kadhaa inakauka na kupasuka, povu nalo linaliwa. Kila waya umepita ndani ya bomba gumu.

29 Julai

Choo na karo. Tofali, saruji, shimo, milioni mbili na laki tatu. Hapo hakuna cha kusimulia.

12 Agosti

Jiko na baraza. Jiko liko nje, la tofali, hatua sita kutoka ukuta. Lile povu halipendi moto. Likipata joto linasinyaa, likishika linatoa moshi mweusi wa kuua. Napikia mkaa, na sitaki mkaa uingie humo hata siku ya mvua. Gesi inachimbwa Mnazi Bay, hapahapa mkoani, inapita kwenye bomba hadi Dar es Salaam, nami hapa napuliza mkaa. Lakini hilo si la daftari hili.

Baraza ni la Mjomba, zawadi, vifaa tu ndivyo nilivyonunua. Pembe amezipima kwa kamba ya katani yenye mafundo.

31 Agosti

Hesabu. Nimekaa nayo usiku mzima.

Seti 12,400,000. Usafiri, na ile 30,000 ndani yake, 980,000. Msingi na jamvi 3,900,000. Marekebisho ya kona 310,000. Skrubu 180,000. Fundi wa chuma na chakula 840,000. Mpaka hapo nyumba imesimama kwa 18,610,000, na hicho ndicho kinacholingana na ile 27 na nusu ya Mjomba, kwa sababu yeye naye hakuhesabu choo, umeme wala jiko. Nimeokoa milioni nane na laki tisa hivi. Si 15. Ile niliyoipigia mistari miwili ilikuwa bei ya nguo bila uzi, bila vifungo, bila mshonaji.

Ukiongeza umeme, choo, jiko na baraza nimetumia zaidi ya milioni 23. Mkononi nimebaki na nauli.

Pembeni nimeandika pia kodi. Tangu jamvi hadi leo ni miezi minne na kidogo. Nyumba ya tofali kwa kipato changu ingechukua miaka mitano au sita, na mitano ya 120,000 kwa mwezi ni milioni saba na laki mbili. Upande wa pili nimeandika kwamba sina akiba hata kidogo, na mashine moja inahitaji mota. Nimeviacha vyote viwili bila kuvijumlisha.

1 Septemba

Nimehamia.

9 Novemba

Joto. Kusi ilipokuwapo sikulijua. Sasa saa nane mchana dari inatoa pumzi ya pasi. Ukuta una nafuu, povu linafanya kazi yake. Bati la juu ndilo lililotusahau. Nimetoboa matundu mawili ya hewa kwenye pembetatu za paa na kuyawekea wavu, hewa ipite juu ya dari. Usiku nafuu imeonekana. Mchana tunakaa barazani, chini ya mkorosho, kama kila mtu.

6 Desemba

Mvua ya kwanza ya kweli, saa tisa usiku. Juu ya bati ilikuwa kelele ya mashine mia za cherehani. Nikatoka na tochi na khanga kichwani, moja kwa moja hadi kona ya mkorosho. Maji yanateremka kwenye paneli, yanadondoka nje ya ukingo, yanakimbilia mchangani. Nimepapasa reli kwa kidole. Kavu.

Niliporudi ndani, godoro la chumba kidogo limelowa. Lile dirisha lililokuja baadaye nililifunga mwenyewe kwa silikoni, peke yangu, jioni, nikiwa na haraka ya kuhamia. Maji yanaingia kona ya chini kwa uzi mwembamba.

Mjomba amefika saa moja asubuhi bila kuitwa, suruali imekunjwa. Hakubisha hodi. Amezunguka nyuma kwanza, akakaa huko kidogo, nikamsikia akipangusa kitu kwa kiganja. Halafu ameingia, akasimama mlangoni mwa chumba kidogo, akatazama dirisha, akatazama godoro.

“Friji lako linavuja,” amesema, akaketi barazani kusubiri chai.